Mcheza kwao hutunzwa? Jukwaa, kwaya na uwanja katika kampasi ya Lubumbashi

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Anayecheza ngoma mbele ya watu wake hupata wa kumshangilia, na hata wa kumbandikia noti kwenye paji la uso, kwa sababu wanaomtazama wanazijua hatua zake, wanalielewa neno lake, na wanaweza kupima kama amekosea au amepatia. Makala haya yana nia ya kuiuliza methali hiyo swali moja: je, ni kweli pia kwa wale wanaoigiza, wanaoimba na wanaoshangilia kwa Kiswahili cha Lubumbashi, ndani ya kampasi na katika mitaa inayoizunguka? Jibu letu tulitangulize mapema: watazamaji wamewatunza, lakini sisi wahakiki bado. Tumewasikiliza Jumamosi jioni na Jumapili asubuhi, tukacheka nao na kusali nao. Jumatatu tumeingia darasani kufundisha fasihi ya Kiswahili kana kwamba hatukusikia lolote.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mwenzetu yeyote. Lawama, kama ipo, ni yetu sote tunaofundisha na kusoma Kiswahili katika nchi hii. Tunataka tu kuonyesha kwamba maonyesho hayo yana ufundi unaostahili kuhakikiwa, kwamba yana kasoro zinazostahili kusemwa, na kwamba tukiendelea kunyamaza tutapoteza sehemu kubwa ya fasihi yetu bila hata kujua tumepoteza nini.

1. Kampasi na lugha zake

Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1955, wakati mji ukiitwa Élisabethville, kikiwa chuo kikuu rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Mwaka 1971 kiliunganishwa na vyuo vya Kinshasa na Kisangani kuwa chuo kimoja cha taifa, na masomo ya fasihi na lugha yakakusanywa Lubumbashi. Muungano huo ulivunjwa mwaka 1981, na Lubumbashi ikabaki na chuo chake. Matokeo ya mambo hayo kwa lugha ni makubwa. Vijana kutoka pande zote za nchi walikutana katika mabweni yale yale: wenye Kilingala, wenye Tshiluba, wenye Kikongo, wenye Kiswahili cha Kivu na wenye Kiswahili cha miji ya shaba. Darasani walisoma kwa Kifaransa. Sokoni, kwenye ibada, kwenye mpira na katika utani wa jioni, walijifunza Kiswahili cha mji.

Hatuwezi kusema habari za lugha katika kampasi hii bila kukumbuka usiku wa tarehe 11 kuamkia tarehe 12 Mei 1990. Mobutu alikuwa ametangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili, siku chache tu zilizotangulia. Usiku ule watu wenye silaha waliingia katika mabweni na kuwashambulia wanafunzi. Idadi ya waliokufa imebishaniwa tangu siku ile hadi leo. Lakini masimulizi yaliyoenea yanakubaliana juu ya jambo moja: washambulizi walikuwa na neno la siri la Kilingala. Mmoja alisema «Lititi», na aliyejibu «Mboka» aliachwa apite. Aliyeshindwa kujibu, alishindwa kwa gharama ya mwili wake. Mtu akituambia kwamba suala la lugha zinazosemwa chuoni ni pambo la wataalamu wa isimu, tumkumbushe usiku huo. Neno moja liliwahi kuamua nani apite mlangoni na nani asipite.

Wataalamu wa sarufi hawakukipuuza Kiswahili cha mji huu. Edgar Polomé, aliyefundisha hapa kabla na mara baada ya uhuru, aliandika juu yake mwaka 1968. Tangu mwaka 1971 kituo cha isimu cha kampasi, CELTA, kilikuwa mahali pa kazi hiyo, na mkutano wa wanaisimu wa nchi nzima ulifanyika Lubumbashi Mei 1974. Mwaka 2014 Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa walitoa kitabu kizima juu ya Kiswahili cha Lubumbashi. Kwa hiyo tunajua vizuri kwamba hapa watu ni «bantu» na watoto ni «batoto», kwamba asemaye «beko banaimba» anaeleza tendo linaloendelea, na kwamba vitenzi vimehifadhi sauti ambayo pwani imeiacha, kama katika «kuzala», «kuvala» na «kupola». Sarufi tunayo. Tunachokosa ni uhakiki. Tumejua jinsi watu wanavyosema. Hatujauliza wanasema vizuri kiasi gani, na kwa ufundi upi.

2. Mchezo usio na kitabu

Tuanze na jukwaa. Tunapofundisha tamthilia ya Kiswahili, kwa kawaida tunaanza na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Tunafanya vema, ni kazi kubwa. Lakini wanafunzi wetu mara nyingi hawaambiwi kwamba tamthilia hiyo nayo ni mtoto wa kampasi. Hussein aliiandika akiwa kijana katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, mahali ambapo Farouk Topan alikuwa ameanza kufundisha fasihi ya Kiswahili mwaka 1968. Kampasi ile iliwatunza wachezaji wake kwa njia iliyo rahisi: iliwaandika, ikawachapisha, ikawafundisha. Leo mwanafunzi wa Lubumbashi anaweza kutaja wahusika wa Kinjeketile mmoja mmoja, lakini hawezi kutaja hata mchezo mmoja wa kundi la Mufwankolo, ambalo mama yake alilicheka redioni na kwenye televisheni.

Kundi hilo lilikuwa likiigiza kwa Kiswahili cha mji. Halikutumia maandiko yaliyokaririwa. Wachezaji walikubaliana juu ya kisa, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akayatafuta maneno yake mbele ya watu. Kwa mhakiki aliyezoea kufungua ukurasa, hapo kuna taabu: ukurasa uko wapi? Bahati njema ni kwamba wapo waliojaribu kuutengeneza. Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha huko Wien, mwaka 1981, maandishi ya michezo ya kundi hilo waliyoirekodi Lubumbashi. Johannes Fabian, aliyefundisha katika kampasi hii kati ya mwaka 1972 na 1974, alifuata kwa kitabu chake Power and Performance cha mwaka 1990.

Kisa cha kitabu hicho kinajulikana. Mwaka 1986 Fabian alirudi mjini. Mezani alipewa firigisi ya kuku, sehemu ya mtu wa heshima, akaambiwa methali isemayo kwamba utawala huliwa mzima. Aliwauliza waigizaji maana yake. Badala ya kumjibu kwa maelezo, waliizungumza methali hiyo wao kwa wao, wakabishana, kisha wakaifanya mchezo. Walifanya mazoezi, wakaenda kuigiza katika kijiji cha Kawama mbele ya wanakijiji, na kamera za televisheni zikawapo.

Tuitazame hatua hiyo kwa jicho la mhakiki. Methali yenyewe ina sura mbili. Mtu anaweza kuielewa kama ushauri kwa mtawala: usigawanye, ukigawanya umekwisha. Anaweza pia kuielewa kama malalamiko ya mtawaliwa: huyu amekula chote, hakutuachia hata mfupa. Katika mwaka ambao chama kilikuwa kimoja na kiongozi mmoja, kuicheza methali kama hiyo mbele ya kamera za taifa kulihitaji akili. Waigizaji waliipeleka kijijini, kwa mtemi na raia zake, mahali ambapo hakuna wa kuudhika waziwazi. Kijiji kilikuwa barakoa. Na kwa kuwa hapakuwa na maandiko, hapakuwa pia na karatasi ya kumpelekea mkaguzi aipige muhuri. Jambo tunaloliita upungufu, yaani kutokuwa na kitabu, ndilo lililokuwa ngao yao.

Sasa tuje kwenye lugha. Tuchukue mfano mdogo tulioutunga wenyewe, wa aina inayosikika mara nyingi katika michezo ya mji huu. Mkubwa wa kijiji anasimama mbele ya watu, anakohoa, anasema kwa Kiswahili cha kitabu:

«Nimewaiteni nyote mfike mbele yangu.»

Mke wake, kutoka jikoni, anamjibu kwa Kiswahili cha mji:

«Weye! Bukari buko bunapola!»

Watu wanaangua kicheko. Kwa nini? Tukiyatafsiri maneno ya mama yule kwa Kiswahili sanifu, tunapata habari tu: wewe, ugali unapoa. Kicheko kimekwisha. Utamu haukuwa katika habari. Ulikuwa katika kukutana kwa lugha mbili. Mume amevaa Kiswahili cha mhubiri na cha barua ya serikali, na mke amemvua kwa neno moja la nyumbani. Kwa hiyo mchezaji wa Lubumbashi ana ngazi kadhaa za lugha mkononi mwake: Kifaransa cha ofisi, Kiswahili cha kitabu kilicholetwa na misioni na shule, Kiswahili cha mji, na lugha za vijijini kama Kibemba, Kiluba na Kisanga. Kupanda na kushuka ngazi hizo ndio ufundi wake mkuu. Mhakiki anayesema kwamba mchezaji huyo «hajui Kiswahili» amefanana na mtu anayemlaumu mpiga ngoma kwa kutumia ngoma tatu.

Hapo pia ndipo linapojitokeza tatizo la kuandika. Tukiandika mchezo huo kwa tahajia ya sanifu, tumeua ngazi. Tukiandika kila sauti kama ilivyotoka mdomoni, msomaji anachoka kabla ya ukurasa wa pili. Fabian alichagua kuweka maneno ya wachezaji kama walivyoyasema, na tafsiri kando yake. Ni njia ya haki, lakini inamtumikia zaidi msomaji wa ng'ambo, anayehitaji tafsiri. Msomaji wa Kamalondo au wa Kenya hahitaji tafsiri; anahitaji tahajia anayoweza kuisoma kwa sauti. Kazi hiyo ni yetu, wala hatuna sababu ya kumsubiri mgeni aje kutufanyia.

3. Wimbo na sala

Tukitoka jukwaani tunaingia kanisani, na wala si mbali. Katika mji huu ibada na sanaa zimelelewa nyumba moja. Mwaka 1958, huko Kamina, Padri Guido Haazen na kundi lake la Troubadours du Roi Baudouin walirekodi Missa Luba, misa yenye maneno ya Kilatini juu ya mitindo ya uimbaji wa kwetu. Ulimwengu wote uliisikia, na mwaka 1968 Sanctus yake ikatumiwa katika filamu ya Uingereza iitwayo If.... Hapa mjini, Joseph Kiwele aliunganisha kinanda cha kanisa na sauti za nyumbani, kabla ya kuwa waziri wa elimu wa Katanga na mtunzi wa wimbo wake wa taifa. Mwaka 1988 Roma ilikubali kitabu cha misa kwa majimbo ya Zaïre, ambamo kucheza mbele ya altare ni sehemu halali ya sala.

Lakini mambo hayo makubwa yasitufanye tusahau jambo lililo dogo na lililo la kila siku. Waamini wa Jamaa, chama kilichotokana na mafundisho ya Padri Placide Tempels katika miaka ya 1950, walikuwa na mafundisho yao kwa Kiswahili, na walizungumza juu ya mawazo mazito kuhusu uzima, uzazi na upendo kwa lugha ambayo wengine waliiona inafaa kwa kuagiza chumvi tu. Hoja hiyo ni muhimu kwetu. Mara nyingi tunaambiwa kwamba Kiswahili cha miji ya shaba ni lugha ya kazi, kilichokomaa kambini na mgodini, na kwamba hakiwezi kubeba fikra. Wafanyakazi wa Kolwezi na wake zao walilijibu dai hilo kwa vitendo, bila kuandika makala.

Katika vikundi vya sala vya wanafunzi tunaona ngazi zile zile tulizoziona jukwaani, lakini kwa kusudi jingine. Anayehubiri hupanda: hutumia Kiswahili cha Biblia, na viambishi vyake vinanyooka. Anayeshuhudia hushuka: anasimulia ugonjwa wake, ada aliyoikosa, mtihani aliouogopa, na anasimulia kwa Kiswahili cha mji, maana machozi hayasubiri sarufi. Kisha kwaya inaimba, na wimbo unaziunganisha ngazi mbili. Ubeti wa kiongozi hutoka kwenye kitabu. Kiitikio hutoka mtaani. Mwenye kusikiliza vizuri atagundua kwamba mpango huo una maana. Kiongozi analeta neno lililoandikwa, umati unalijibu kwa neno lililoishi. Hilo ni umbo la kisanaa, tena lenye mantiki, na tunaweza kulichambua kama tunavyochambua vina na mizani ya utenzi.

Hatutaki hata hivyo kusifu bila kupima. Kwaya nyingi za siku hizi zimejifunga kwenye kinanda cha umeme na vipaza sauti hata neno halisikiki. Nyimbo kadhaa zinafuata hatua kwa hatua mitindo inayotoka Kinshasa au Nairobi, na kazi ya mtunzi imebaki kubadilisha jina la Bwana tu. Sauti nne zilizopangwa kwa uangalifu, ambazo zilikuwa fahari ya kwaya za misioni za Katanga, zinapungua. Hatusemi kwamba zamani kulikuwa kuzuri kuliko sasa. Tunasema kwamba wimbo wa ibada ni wimbo kwanza, na ukiwa wimbo, una haki ya kuulizwa kama maneno yake yamekaa mahali pake.

4. Mpira kama maonyesho

Msomaji atashangaa kuona uwanja wa mpira katika uhakiki wa fasihi. Tunamwomba avumilie kidogo. Timu mbili kubwa za mji huu zilizaliwa mwaka mmoja, 1939, na zote zilipewa majina ya watakatifu. Mapadri Wabenediktini walianzisha Saint-Georges, ambayo leo ni Tout Puissant Mazembe. Watu wa reli wakapata Saint-Éloi Lupopo, kwa jina la msimamizi wa mafundi wa chuma. Kanisa, kazi na mchezo vilitoka mlango mmoja. Si ajabu basi kwamba mashabiki wanaimba uwanjani kwa miundo ya kanisani, kiongozi na kiitikio, na kwamba tuni ya Jumapili asubuhi inarudi Jumapili alasiri ikiwa na maneno mengine.

Mazembe ilichukua kombe la vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968, kisha mwaka 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, iliishinda Internacional ya Brazili mabao mawili kwa bila na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia, ambako ilifungwa na Inter ya Milano mabao matatu. Lakini tunaomba msomaji akumbuke zaidi kitu kingine cha siku zile: kipa Muteba Kidiaba, aliyekuwa akikaa chini kila timu yake ilipofunga, akirukaruka kwa makalio uwanjani. Dunia ilicheka na kuuliza ni nini. Kwetu hakuna aliyeuliza. Tulitambua mara moja ucheshi wa mtu mzima anayekubali kujidogosha ili furaha ya watu ikue, ucheshi ule ule wa Mufwankolo anapojifanya mjinga ili mwerevu aumbuke. Kidiaba alicheza kwao hata alipokuwa Abu Dhabi. Alitunzwa na dunia nzima kwa sababu hakubadilisha mchezo wake kwa ajili ya wageni.

Kishangilio cha uwanjani ni utanzu mfupi sana. Kina maneno matatu au manne, hutungwa papo kwa papo, na hufa kesho yake kama hakikupendwa. Hukutana humo tusi, sifa, methali iliyogeuzwa na jina la mwanasiasa lililofichwa. Wanafunzi wetu wanajua mamia ya vishangilio hivyo. Tungewauliza wakusanye vya msimu mmoja tu, wangetuletea malighafi ya kazi ya kuhitimu iliyo bora kuliko muhtasari wa kumi wa riwaya ileile.

5. Je, kila kinachochezwa kwetu ni chema?

Hapa inafaa tusimame. Kuna hatari moja katika hoja yetu, na ni afadhali tuitaje wenyewe kabla mwingine hajaitaja. Hatari hiyo ni kudhani kwamba kitu kikiwa cha watu, kwa lugha ya watu, basi ni cha kweli.

Wale walioishi miaka ya 1970 na 1980 wanakumbuka animasio ya kisiasa. Wanafunzi, wafanyakazi na walimu walipangwa mistari, wakavishwa vitenge vyenye picha, wakaimba na kucheza kumsifu kiongozi na chama. Ngoma zilikuwa zetu. Lugha zilikuwa zetu. Nyimbo za arusi, za uwindaji na hata za ibada zilibadilishwa maneno zikawa za chama. Wachezaji wengi walikuwa hodari kweli. Ufundi wao haukuwa wa uongo. Lakini walicheza kwao na hawakutunzwa. Walihesabiwa tu, nani amekuja na nani hakuja. Funzo tunalolipata ni kwamba lugha ya nyumbani haimkingi msemaji asitumikishwe. Linalomkinga ni nafasi ya kugeuza maneno, ya kuichezea methali upande wa pili, kama walivyofanya waigizaji wa mwaka 1986. Mhakiki anayetofautisha mambo hayo mawili anafanya kazi ambayo mwanasarufi hawezi kuifanya, maana sarufi ya wimbo wa animasio na sarufi ya mchezo wa Mufwankolo ni moja.

Kuna kasoro nyingine. Michezo ya mji huu inapenda mno kumcheka mwanakijiji aliyefika mjini, na mwanamke mwenye kelele. Mfano wetu wa bukari hapo juu unaonyesha mwanamke akimshinda mume, lakini msomaji aangalie vizuri: anamshinda kutoka jikoni, na mchezo ukiisha bado yumo jikoni. Vijana wanaoigiza chuoni leo wameurithi mzaha huo bila kuuliza kama bado una faida. Kumsifu mchezaji kwa sababu ni wa kwetu tu ni kumbandikia noti bandia. Anaistahili noti halali, na noti halali ni ukweli.

6. Kwa kumaliza

Tunarudi kwenye methali tuliyoanza nayo. Tumejaribu kuonyesha kwamba jukwaa, kwaya na uwanja wa Lubumbashi vina ufundi mmoja unaoviunganisha: kupanda na kushuka ngazi za lugha mbele ya watu wanaozijua ngazi hizo zote. Ufundi huo hauonekani kwa mtu anayepima kila neno kwa sanifu, wala kwa mtu anayeshangilia kila neno kwa sababu si sanifu.

Mfano wa kutunza tunao karibu. Katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alizungumza na Fabian kwa Kiswahili juu ya picha zake za historia ya nchi, na mazungumzo hayo, pamoja na picha 101, yakawa kitabu mwaka 1996. Tangu mwaka 2000 wanahistoria wa chuo hiki, Donatien Dibwe dia Mwembu akiwa miongoni mwao, wamekusanya kumbukumbu za wakazi wa mji katika mradi wa Mémoires de Lubumbashi. Wanahistoria na wanaanthropolojia wameona kwamba neno la mwenye mji lina thamani. Watu wa fasihi, ambao neno ndilo jembe letu, tumekuja nyuma yao.

Tunapendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza, mwanafunzi akitaka kuandika kazi yake ya kuhitimu juu ya mchezo, wimbo au kishangilio cha hapa, asiambiwe kwamba hakuna fasihi humo. Aambiwe arekodi, aandike, kisha aonyeshe ubora na upungufu wa kile alichokiandika. La pili, tukubaliane juu ya tahajia moja nyepesi ya Kiswahili cha Lubumbashi, inayohifadhi ngazi za lugha na inayosomeka kwa sauti bila taabu. La tatu, katika somo la tamthilia, mchezo mmoja wa mji huu usomwe kando ya Kinjeketile. Hatusemi uchukue nafasi yake. Hussein hatapungukiwa na kitu kwa kukaa jirani na Mufwankolo, na mwanafunzi atajua kwamba kampasi mbili, moja ya pwani na moja ya shaba, ziliuliza karibu swali lile lile: neno la mtu mmoja linawezaje kuwabeba watu wengi, na je, linaweza kuwapoteza?

Wachezaji wa kwanza wamezeeka, na wengi wao wameshatutoka. Kanda walizorekodiwa zinaharibika kwa joto na kwa vumbi, na vijana waliozisikia redioni ni babu na bibi sasa. Wale wachache waliobaki bado wanaweza kutuambia kwa nini watu walicheka pale walipocheka. Twende tukawaulize mapema.